Shingo Ngumu

Baba yangu alikuwa hageuzi shingo. Ukimwamkia "Kamwene" kutoka pembeni, ilibidi ageuke mwili mzima, mabega na yote, kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani. Pale kijijini kwetu Kitandililo watu walisema anaringa tangu apande ndege. Anaringa! Mtu anayeshika kichwa chake kwa mikono miwili ili akiinue kitandani, huyo anaringa nini?

Ndege aliipanda kweli, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipopelekwa na jeshi la Waingereza huko Bama, ng'ambo ya bahari. Kazi yake ilikuwa kusukuma magunia ya chakula mlangoni yawaangukie askari walioko msituni. Walimvika kofia ya ngozi yenye vyuma vya kusikilizia, na juu yake kofia ya chuma, na ndege ikitetemeka kutwa nzima. Aliniambia mwishowe alizizoea. Shingo ndiyo haikuzizoea. Rubani wao Mzungu naye alivaa hivyohivyo. Sijui shingo yake iliishia vipi, lakini naapa alipolalamika alisikilizwa.

Nilipokuwa darasa la nne, jumbe alitangaza kazi ya barabara ya Makambako kwenda Njombe. Kila mwanamume abebe mawe kwa karai, kichwani. Kichwani, jamani! Mama alilia. Baba akasema ataenda bomani Njombe kuomba cheti cha kumwondoa kwenye mawe, maana maumivu yale alipewa na serikali. Akanichukua nimsindikize, mimi binti wake msomi.

Njiani alijizoeza Kiswahili chake cha jeshini: "Efendi, shingo yangu imekwisha kufa." Kimbelembele changu, nikacheka. "Baba, shingo haifi. Sema, nina shingo ngumu." Akarudia mpaka akaiweza. Na kila Jumapili nilikuwa namsikia mchungaji akiwasema Waisraeli wenye shingo ngumu! Masikio yangu yalikuwa wapi? Nyumbani tulisema Kibena; Kiswahili kilikuwa cha ubaoni, nami nilijiona bingwa.

Karani hakuinua macho. "Shida?"

"Nina shingo ngumu, bwana."

"Hata mimi naona," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Hakumpeleka kwa daktari, hakumuuliza la pili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliandika mistari miwili ya Kiingereza, akagonga mhuri, akaisukuma karatasi mezani. Baba alishukuru mara tatu.

Msimamizi wa barabara aliisoma, akatabasamu, akamkabidhi baba karai kubwa kuliko la mtu yeyote. Baba akasema huenda macho ya yule bwana hayaoni vizuri. Mwaka uliofuata akampelekea tena karatasi ileile. Na uliofuata. Kila akiionyesha karatasi mawe yanaongezeka, mpaka ikawa hawezi kuinama kuona ugali wake, mama anamwekea tonge mkononi.

Nilipofika shule ya kati nikajua Kiingereza. Niliporudi likizo nikaomba niione ile karatasi. Baba aliitoa kwenye kopo la majani ya chai, imefungwa kwa kitambaa safi. Iliandikwa hivi: mtu huyu ni mkaidi, asiachwe bila kazi.

Nilitamani kurudi Njombe nikamkabe yule karani. Halafu nikakumbuka ni nani aliyempa baba yale maneno. Hasira ninayo, sikujua nimmwagie nani.

Baba alinigeukia, mwili mzima. "Mwanangu, inasemaje?"

"Inasema una shingo ngumu, baba."

"Ee! Basi waliandika sawasawa," akasema, uso umemchangamka. "Ulinifundisha vizuri." Akanyoosha mkono nimrudishie, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa zamu yake ya mawe.

Sikumrudishia. Jumatatu nilitangulia mimi barabarani, nikajitwisha karai lake. Msimamizi alinifokea, hii kazi ya wanaume, rudi nyumbani, husikii?

Nikamwambia nina shingo ngumu.