Upande wa Pili wa Meli

Ukitoka Lusahunga kwenda Benaco, nyumba yetu ilikuwa meli. Ukitoka Benaco kwenda Lusahunga, ilikuwa nyumba tu. Ilikaa hivyo miaka mingi, na wa kulaumiwa alikuwa baba yangu, fundi mwashi asiyejenga kitu asichokiona.

Kiwanja chetu ni chembamba na kirefu. Upande mfupi unatazama barabara, halafu kinaingia ndani mpaka migombani. Baba alitaka kumjengea mama mgahawa wa madereva wa malori yanayokwenda na kutoka mpakani Rusumo, akaona nyumba ya kawaida itapotea katikati ya nyumba za kawaida. Ukutani kwetu kulikuwa na kalenda aliyopewa Biharamulo mjini, yenye picha ya meli ya ziwani. Aliitazama wiki nzima, kisha akatangaza kwamba atajenga ile. Ziwa lenyewe alikuwa hajawahi kuliona.

Ukuta wa upande wa Lusahunga aliutoa tumbo, akauchongoa ulipofika barabarani, akauwekea madirisha tisa ya duara. Maduara yale aliyapata kwa sufuria kubwa ya mama, akiisimamisha ukutani na kupanga tofali kuizunguka. Mama alisonga ugali kwenye sufuria ndogo siku zote hizo, amenuna. Juu ya paa baba akafunga reli za mabomba na dohani ya pipa, na moshi wa jikoni ukawa unatokea humo. Mama akiwasha moto alfajiri, ungesema meli inang'oa nanga. Sijaona nyumba nyingine kama ile, na nimetembea.

Kisha baba akafika upande wa pili, akasimama. Picha ya kalenda ilionyesha upande mmoja tu. Alisema upande huo hajauona, akaupiga plasta ya kawaida, akaweka madirisha ya mraba, akaenda zake kujenga nyumba za watu. Kwa mbele ikabaki nusu imechongoka, nusu imenyooka. Watu wakaiita Nusu Meli, na aliyeiita hivyo kuliko wote alikuwa mama.

Alikuwa na haki yake. Madereva waliambiana wakale melini. Waliotoka Rusumo, upande wa Benaco, wakitafuta meli walitupita wanatutazama, wakafika Nyakahura ndipo wapige simu kuuliza iko wapi. Mama akamwambia baba anakili tu upande wa kwanza, nani atajua? Baba akajibu haraka haraka haina baraka. Mama akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ndiyo haya yanayopita na njaa zao hadi Nyakahura. Mabishano hayo niliyasikia mpaka nikayajua kwa moyo. Shuleni msichana mmoja alisema baba yangu aliishiwa saruji. Nilimpiga, nikachapwa, na sijajuta mpaka leo.

Nilipopata ajira ya ualimu nikanunua simu kubwa, nikamwonyesha baba picha za meli chungu nzima, kulia na kushoto. Alizitazama kwa adabu, akauliza kama huu wa kulia na ule wa kushoto ni wa meli moja. Sikujua. Akanirudishia simu yangu.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuingiwa na ukungu. Nilikuja likizo nikamkuta anapapasa ukuta kwa kiganja ili ajue kama umenyooka, na moyo ukanishuka. Yale macho yakizima kabla hajauona upande wa pili, nyumba itabaki nusu, na watu watasema kazi ilimshinda. Baba yangu, kazi imshinde! Nikamwambia avae viatu, tunakwenda Bukoba.

Tulifika bandarini mchana. Meli ilikuwa imefunga gatini, na upande uliotuelekea ulikuwa ule ule wa kwenye kalenda. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Tukaenda ufukweni, nikamwomba mzee mmoja mwenye mtumbwi atuzungushe kwa mbali. Baba, aliyekuwa hajawahi kukanyaga maji yanayozidi goti, alivua viatu, akanipa nivishike, akapanda. Nilimshika shati kwa nyuma njia nzima, kama alivyokuwa akinishika mimi utotoni tukipita kando ya lami.

Tulipoupata upande wa pili, alimwomba mzee apunguze mwendo. Akakunja jicho, akanyoosha kidole, akahesabu madirisha. Akayahesabu tena.

"Ni sawasawa na ule," alisema.

Nilimwonea uchungu. Miaka yote ile, na kumbe mama alikuwa sahihi. Nikamwambia, polepole, kwamba basi angeweza kunakili tangu mwanzo.

Alinitazama kana kwamba nimeshika mwiko wa uashi kichwa chini. "Ningekuwa nimebahatisha," alisema. "Kubahatisha si ufundi, mwanangu, hata ukipatia."

Mtumbwi ukageuka kurudi ufukweni. Nilikuwa nahesabu mambo niliyowafundisha watoto wa watu bila mimi mwenyewe kuyahakikisha.

Tulirudi, tukabomoa madirisha ya mraba, tukautoa ukuta tumbo na kuuchongoa kwa mbele kama mwenzake. Safari hii sufuria kubwa mama aliileta mwenyewe, ameisugua mpaka inang'aa. Mimi nilipanda jukwaa na kuishika ukutani, baba akapanga tofali, na pale macho yalipokataa, kiganja kilimaliza. Kila duara alilipapasa mzunguko mzima kabla ya kuniruhusu nisogee kwenye lingine. Madirisha tisa. Mikono iliniuma mwezi mzima, na nilimwonyesha malengelenge kila mwalimu mwenzangu aliyekubali kuyatazama.

Siku tuliyomaliza kupaka rangi, lori lililotoka Benaco lilipunguza mwendo, likasimama. Dereva alishuka, akamwamkia mama shikamoo, akamuuliza kama meli hii ni mpya, maana miaka mingi amepita hapa, kwenda usiku na kurudi mchana, na hajaiona. Baba alikuwa ameketi chini ya ile pua ya meli iliyokamilika, anasikiliza.

"Ni ile ile, mwanangu," mama alisema. "Fundi alikuwa hajaiona."

Kisha akaenda kumpakulia.