Gari Lililombeba Mama Mkwe Limekatazwa Kumbeba Bibi Arusi

Ndugu wa ukurasa huu, nifichieni jina langu, ingawa sijui kama itasaidia. Nina miaka hamsini na mbili, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisangani, tumbo limenitangulia na nywele zimebaki nyuma. Mji mzima hauna gari lingine la buluu lenye paa la turubai. Mkiandika tu "mwalimu mwenye gari", watu wa mtaa wetu, komini ya Tshopo, watamalizia wenyewe.

Ni Peugeot 404 ya kufunuka juu, ile wenye shule wanaita dekapotable. Mgiriki mmoja aliiacha uani kwake alipoondoka, wakati ule maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi. Wajanja walipata maduka. Mimi nilipata gari ambamo kuku walikuwa wanataga. Aliyepewa duka aliniambia, "Ukiweza kuisukuma mpaka kwako, iko yako." Nikasukuma.

Nimeitengeneza kwa miaka, kila Jumapili baada ya misa. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata ukikaa unaona barabara chini ya viatu. Niliiziba kwa bati la pipa la mawese. Rangi ni ya kupaka mashua, niliipata bandarini, nikaipaka kwa brashi, ndiyo maana kwa karibu ina michirizi kama uso wa mtu aliyelia. Injini kila nikiifunga, skrubu moja inabaki mkononi. Mke wangu anauliza, "Na hii ilikuwa ya nini?" Ninamjibu ni ya akiba.

Binti yangu, nimwite Furaha, alikua akiisugua ile kutu pamoja nami. Nilimwahidi kwamba siku ya ndoa yake atakaa nyuma, paa limefunuliwa, na tutapita daraja la Tshopo polepole mpaka watu wachoke kupunga mikono.

Kabla ya ndoa, kikaja kifo. Mama mkwe wangu alifariki, na lori la komini halikuwa na mafuta. Kaka wa mke wangu akaja kwangu mwenyewe. Huyu kwa Furaha ndiye noko, yaani mjomba. Anafanya kazi ofisini komini na hata akiomba chumvi mezani utadhani anahutubia mkutano wa chama. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo, akaniita bokilo, yaani shemeji: "Bokilo, saidia. Funua gari. Mama hawezi kusukumwa kaburini na pousse-pousse kama gunia."

Nikafunua. Jeneza lililala juu ya viti, upande wa miguu ukatokeza nyuma, nami nikaendesha mwendo wa kobe huku watu wakiimba nyuma yetu. Nasema kweli, nilijisikia mkubwa. Sikujua kwamba na gari nalo ninalizika.

Tangu siku hiyo hakuna anayekubali kupanda. Mwalimu mwenzangu, mvua inamnyeshea, nikamfungulia mlango. Akanishukuru kama mwananchi mwenzake: "Merci, citoyen. Zamu yangu haijafika."

Hayo niliyavumilia. Sasa Furaha anaolewa Jumamosi ijayo. Kwenye kikao cha familia, mbele ya wakwe wapya, noko akasimama: "Mutoto wa dada yangu hataingia mule. Ile iko gari ya maiti."

Nikamuuliza, "Bokilo, maiti aliingia na miguu yake? Nani alimuleta?"

Watu wakacheka, hata wakwe. Mdomo wangu huu! Noko hakucheka.

Juzi, nikiwa shuleni na mke wangu sokoni, alikuja kwangu na matawi ya mchikichi. Akachomeka mawili mlangoni, mengine akayafunga kwenye boneti. Mnajua kwetu matawi mlangoni ni matanga. Nilirudi mchana nikakuta wanawake wamejaa uani, wamekaa chini, wengine wameleta kuni. Nikauliza, "Nani amekufa?" Mmoja akaniona, akapiga kelele kuliko wote. Alikuwa ananililia mimi.

Wamenililia nikiwa hai, wapendwa. Na wengine, niliona, hawakuwa na machozi mengi.

Nikaenda kwa shemeji. Hakukana. "Ulitaka watu wacheke, bokilo. Alors, wamecheka?" Halafu akaninyooshea kidole: "Furaha akipanda mule, sitamubariki. Na tumbo yake ikibaki mutupu, asikuje kunililia."

Mke wangu aliposikia hayo, aliacha kusema nami. Ananiwekea chakula na kutoka. Jana alisema neno moja tu: "Gari ao mutoto. Chagua." Nilimwambia nimechagua mtoto, gari litabaki nyumbani. Lakini Furaha akakataa, akamtaja bibi yake: "Koko alipanda mule, akafika muzuri. Papa, kama hautanibeba, nitaenda kanisani na miguu, na watu wote watauliza sababu."

Mimi siamini kwamba mdomo wa noko mwenye hasira unafunga tumbo la mtoto. Mchana siamini. Lakini mke wangu anaamini, na kama Furaha atachelewa kuzaa hata kidogo, nyumba hii haitakalika. Nikimwomba noko msamaha, atataka nipige magoti mbele ya gari, na magoti yangu mnajua umri wake. Matawi yangali kwenye boneti, yameanza kukauka. Mke wangu hataki nitoe hata jani, mpaka aliyeyafunga ayafungue.

Nishaurini, Jumamosi nifanye nini? Na mkishamaliza hilo, nisaidieni na la pili: siku shemeji atakapokufa, lori la komini likikosa mafuta tena, nifunue paa, au niseme gari lina bibi arusi?