Mwamba Aliouacha Josephat

Kaka yangu Josephat hakuwa mtu mbaya, na atakayesema hivyo mbele yangu tutakosana. Alikuwa mwepesi wa kuamini, basi. Jambo akiambiwa na mtu aliyevaa kanzu nyeupe, alilibeba mpaka nyumbani na kulipanda kabla hajauliza ni mbegu gani. Alikuwa katekista wa Mghange, kijijini kwetu milimani, kwa miaka mingi, seremala mzuri, mkulima wa kabeji, na mwaka 1973 akawa mtu wa kwanza wa kijiji chetu kupanda ndege. Padre mzee aliyemfundisha dini alikuwa amestaafu na kurudi kwao Uswisi. Akamwalika ili amwonyeshe nchi yake kabla hajafa.

Aliondoka akiacha agizo moja. Kanisa jipya lilihitaji mawe, na mawe ya karibu yalikuwa ya mwamba ulio nyuma ya shamba letu. Chini ya mwamba huo kulikuwa na pango, na pangoni walikuwamo wazee wetu. Nasema wazee, sisemi mifupa. Zamani Mdawida, mtu wa kabila letu, akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilitolewa kaburini kikawekwa pangoni pamoja na vya ukoo wake, vikitazama nje. Baba alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuwekwa hivyo. Mimi nilikuwa tumboni alipokufa, sura yake siijui. Nilimjua kwa kichwa, yule mwenye pengo la jino la mbele, na Mama aliponipeleka kumwona nilikuwa nikimpa habari za shule.

Josephat alisema hayo ni mambo ya giza. Mwamba upasuliwe kwa baruti, ushenzi uishe, na kanisa lipate mawe. Mama alimwomba kitu kimoja tu.

"Mtoe baba yako kwanza, umweke popote."

"Mama, ule ni mfupa," akasema. "Mfupa hauna mwenyewe."

Kwetu mtu hasafiri mbali bila mzazi kumtemea mate ya baraka. Siku ya safari Mama alimpa mkono tu, akarudi jikoni. Nilimfuata kaka mpaka barabarani nikamwambia arudi wapatane. Akacheka, akaniambia mimi ni Mkristo nusu. Nilikasirika, na hofu iliyoniingia pale haikunitoka tena.

Fundi wa baruti, Mutiso, Mkamba wa Voi, alikuwa bado na kazi Miasenyi. Alisema atapanda kwetu mwezi ukiisha. Ndugu yetu Reuben, aliyekuwa akifanya kazi reli pale Voi, ndiye aliyeachiwa kusimamia.

Mambo ya Uswisi kaka alinisimulia baadaye, sauti ikiwa chini. Alisema ni nchi ndogo, ukiita upande huu wa bonde, jirani wa ng'ambo anakuitikia. Milima imesimama wima, vilele vimejaa theluji, na watu wanakata nyasi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi wa Mghange angeiogopa. Ng'ombe wanavishwa kengele kubwa kama sufuria. Nyumba ni za mbao zilizoungua jua mpaka zikawa nyeusi. Bibi vizee wanabeba mizigo mgongoni, wanamsalimu kila mtu njiani, na mgeni hapiti bila kukaribishwa mkate na jibini. "Elsie," aliniambia, "wale ni Wadawida, wamekosea rangi tu." Siku za kwanza alifurahi mpaka akasahau kwao.

Kilichomsumbua ni makaburi. Yalikuwa machache, yote mapya, kando ya kanisa kuukuu. Akamwuliza Padre, wafu wa zamani wako wapi? Padre akasita, kisha akachukua ufunguo, wakashuka ngazi mpaka chini ya kanisa.

Ukuta mzima ulikuwa vichwa. Kutoka sakafuni mpaka darini, safu juu ya safu, vyote vikitazama mlangoni. Mshumaa ulikuwa ukiwaka. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti anasali rozari, wala hakugeuka. Padre akaeleza polepole kwamba bonde lao ni jembamba, ardhi ya kuzikia haitoshi, hivyo tangu enzi za mababu mtu alizikwa, baadaye akatolewa, kichwa kikaletwa pale kwa wenzake.

"Babu zangu wamo," akasema. "Ila sijui ni yupi na yupi."

Josephat alishika ukuta, akaondoa mkono haraka alipoona alichokishika. "Padre," akauliza, "mbona sisi mlituambia ni shetani?"

Yule mzee aligeuzageuza ufunguo mkononi. "Nilikuwa kijana," akasema. "Sikudhani mnawapenda."

Mwezi ulikuwa ukingoni. Kaka alipanda ngazi zile mbio mpaka posta, akampelekea Reuben telegramu: MSIVUNJE MWAMBA NGOJENI NIRUDI. Tiketi yake ilikuwa na tarehe yake, hangeweza kufanya zaidi.

Sasa wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui. Siku zile telegramu ilikuwa kifo. Na ikitoka ng'ambo, ambako tulikuwa na mtu mmoja tu, nani aliyehitaji kuifungua? Reuben alipopewa ile bahasha posta ya Voi hakuipasua. Aliona kaka yake hawezi kufia kwenye kaunta, mbele ya watu wanaonunua stempu. Aliitia mfukoni, akapanda nayo mpaka nyumbani, na alipofika uani akaanza kulia. Kijiji kizima kikalia naye. Bahasha ikawekwa mezani chini ya Biblia, ikamngoja paroko aje aisome, naye paroko alikuwa Taveta.

Nilisema ifunguliwe. Nilisema mpaka nikachoka. Reuben akanijibu, "Elsie, una haraka gani ya kumzika?" Wanawake wakanitazama vibaya, nikakaa.

Asubuhi yake Mutiso akafika na baruti. Alipokuta matanga alitaka kurudi Voi, ni Reuben aliyemzuia. Alisema neno la marehemu ni wosia, na neno la mwisho la kaka lilikuwa kanisa, basi atalipata leo hata kama maiti yake haitarudi. Macho yalikuwa mekundu. Alimpenda kaka, hilo silikatai. Mama alikuwa ameketi mkekani, hajatoa chozi. Mlipuko wa kwanza ulitikisa vyombo jikoni, na baada yake ukaja wa pili.

"Sasa nimefiwa na wote wawili," Mama akasema, akajifunika khanga.

Paroko alikuja kesho yake. Akaivuta bahasha chini ya Biblia, akasoma kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti. Hakuna aliyepiga vigelegele kwamba Josephat yu hai. Reuben akaichukua ile karatasi, akaitia mfukoni.

Kaka aliporudi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mwambani, akakuta anga tupu. Mutiso aliogopa kuwagusa wazee mmoja mmoja, akawazoa pamoja na kifusi, na kifusi kilikuwa kimekwisha kushindiliwa chini ya sakafu ya kanisa, zege juu yake. Josephat aliingia jikoni ana vumbi mpaka magotini.

Mama akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Huko ulikokwenda, wanawaweka wazee wao?"

"Wanawaweka, Mama."

"Wanawawashia taa?"

"Mshumaa, Mama."

"Na wewe, wa kwako utamwashia wapi?"

Kaka aliishi miaka mingine kumi na miwili, akifundisha katekisimu barazani mwa kanisa, haingii ndani, jua na mvua, na akiulizwa alisema kifua chake hakipatani na saruji. Mimi huingia. Navua viatu mlangoni, na watu hudhani ni ucha Mungu, kumbe sijui tu ni wapi hasa ninapomkanyaga Baba.