Ukurasa Usio na Mwenyewe

Kwetu Marani, huku Kisii, neno mchawi si tusi la kurushiana tu. Limewahi kuchoma nyumba na watu ndani. Kwa hiyo nilipoona ukurasa wa mtandaoni usio na jina wala sura ukimwita mama yangu mchawi, na picha yake akitoka kanisani, sikumaliza hata chai yangu. Mama ni mjane, analala peke yake katikati ya michai.

Nilianza kwa kuwaripotia wenye mtandao. Wakajibu kwamba wamechunguza na hawakuona kosa. Wangeonaje? Chapisho lilikuwa la Kigusii! Nikaenda kituo cha polisi. Afisa akashika kalamu na kuniuliza mshukiwa ni nani. Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimekuja.

"Sasa madam, mimi nikamate nani? Mtandao?" Akacheka peke yake.

Wakili mmoja wa Kisii mjini ndiye wa kwanza kunisikiliza. Alisema kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai, na pia ni kashfa ya kudai fidia, ila tusizembee maana kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tu. Nihifadhi picha za chapisho zikionyesha tarehe na anwani ya ukurasa. Nikipata namba ya simu, tutaomba korti iamuru kampuni imtaje mwenye laini. Na nitafute mfasiri.

"Mfasiri wa nini? Kisii nzima nani asiyejua neno hilo?"

"Hakimu lazima alisome kwa lugha ya korti," akasema, wala hakutabasamu.

Kanisani ikafika Sabato ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Wanawake wakajigawa wawili wawili, mama akabaki peke yake na beseni lake. Nilimwosha mimi, kwa hasira, mpaka nikamlowesha rinda.

Namba niliipata mwenyewe. Ukurasa ule ule, kabla ya kuanza matusi, uliwahi kutangaza vifaranga vya kuuza, na namba ya simu chini yake. Sikungoja korti. Nilifanya kama Mkenya yeyote: nikajifanya ninamtumia mwenye namba shilingi kumi kwa simu ili jina litokee. Yakatokea majina matatu ya mama yangu.

Ndipo nikakumbuka. Mtoto mkubwa wa kaka yangu alipotaka laini hakuwa na kitambulisho, mama, nyanya yake, akamsajilia kwa chake. Niliwapeleka mimi. Ni huyo huyo aliyenuna mama alipokataa kumpa kipande cha shamba la chai akauze.

Nikampeleka mama kwa wakili.

"Mama, kwa karatasi, aliyekukashifu ni wewe mwenyewe," wakili akamwambia. "Hii laini ulimsajilia nani?"

Mama yangu anakumbuka kila ng'ombe aliyezaa bomani kwake, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Akakunja leso yake mapajani.

"Sikumbuki, mwanangu. Nimezeeka."

"Mama!" nikapiga kelele.

Akanijibu kwa Kigusii, polepole, kwamba huyo ni damu yake, na wakimfunga mjukuu wake, yeye hatapata usingizi tena.

Wakili akanigeukia. "Na wewe, madam, unamjua?"

Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mama alikuwa ameshika ncha ya koti langu, alivyokuwa akinishika zamani tukivuka barabara. Nikasema simjui. Chapisho bado liko, na mama bado analala peke yake katikati ya michai.