Skrubu Iliyokubali

Mkebe wa Kugo, ukiufungua, unanuka kutu, grisi ya zamani na mafuta ya kupikia yaliyokuwemo kabla sijazaliwa. Krismasi iliyopita Baba alinituma nitafute humo skrubu ya bawaba ya mlango. Nilipoingiza mkono na vyuma vikalia, nilirudi utotoni bila kupenda.

Kugo, yaani babu yangu, alifanya kazi katika karakana ya shamba kubwa la chai Kericho, enzi za matrekta ya Kiingereza. Kila skrubu iliyobaki aliitia mkebeni. Baba naye akaendelea: za pikipiki, za redio, za baiskeli, zote humo. Kwetu ni nadra kukuta boma lisilo na mkebe wa namna hiyo, na kila mzee huamini kwamba wake una kila kitu. Baba aliuamini wake kuliko wengi. Mama alimtania kwamba nyumba ikishika moto ataokoa mkebe kwanza, watoto baadaye.

Mama alikuwa mchunaji chai. Shamba lilipoleta mashine, wanawake wa kambi waliambiwa warudi makwao, naye akarudi kwetu karibu na Kapsoit, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Baba hakukubali tushindwe. Aliuza ng'ombe wetu wa maziwa, wakanunua mashine ndogo ya Kichina ya kuchunia, ile ya watu wawili: mmoja anashika mkono wa upande huu wa mstari, mwingine wa upande ule, na visu vinapita juu ya michai. Walichunia majirani. Nawaona bado wakitembea sambamba, Mama akicheka kwa sababu Baba alishindwa kwenda hatua moja naye. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo tena, na hatukulalamika. Mashine ile ndiyo iliyotulisha.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mama akiisafisha, aligundua kwamba skrubu inayoshika mkono wa upande wake haipo. Mtetemo ulikuwa umeiangusha shambani. Tulitambaa chini ya michai hadi magoti yakaloa, hatukuiona. Maduka yalikuwa yamefungwa. Na kesho yake asubuhi tulikuwa tunangojewa na jirani mwenye shamba kubwa kuliko wote tuliowachunia, mtu asiyependa kungoja hata kidogo. Alikuwa ameshasema kwamba tukichelewa, kazi yote anawapa wengine.

"Ngojeni," Baba alisema. "Kwa mkebe haiwezi kukosa."

Akaumwaga kwenye gunia. Akachagua skrubu moja ya Kugo, akailinganisha na ile iliyobaki upande wake wa mashine. Unene uleule, urefu uleule. Akaanza kuifunga. Mizunguko ya kwanza iliingia vizuri, kisha ikagoma.

"Inakataa, Baba Chebet," Mama alisema. Alikuwa ameshikilia mkono wa mashine, na nadhani vidole vyake vilihisi kitu. "Wacha tu. Kesho tuende Kericho tununue yake."

"Kesho huyo mtu atakuwa ameita wengine. Hii ni chuma ya Mzungu, Mama Chebet. Itakubali."

Akapaka grisi. Akachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Skrubu ikalia kwa sauti nyembamba iliyomwinua mbwa alipolala. Halafu, ghafla, ikalainika, ikazunguka bila taabu yoyote. Baba akainua uso uliojaa jasho.

"Si nilisema?"

Tukapiga makofi. Mama naye akapiga, akacheka, akaenda kuweka chai jikoni.

Kesho yake, katikati ya mstari, mkono ule ulichomoka. Mama akabaki ameushika peke yake, mashine ikaangukia kisiki, visu vikapinda na injini ikapasuka. Fundi wa Sigowet aliitazama akauliza tu kama tunataka kuiuza kama chuma chakavu. Jirani akaita wengine. Muhula haukuisha kabla Mama hajaenda Nakuru kufanya kazi za nyumba, akiahidi kurudi tukipata ng'ombe. Alikuja Krismasi ya kwanza, akaja ya pili, kisha hakuja tena. Ng'ombe hatujapata hadi leo.

Miaka baadaye, chuoni nilikosomea ufundi, mwalimu alitupa skrubu mbili tuzishike. Moja ilikuwa ya inchi, kama za matrekta ya zamani ya Kiingereza, nyingine ya milimita, kama za mashine za Kichina. Kwa macho ni mapacha, lakini meno yao, ile mistari inayozizunguka, yamepangwa kwa nafasi tofauti. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, alisema, itaingia kidogo kisha itakataa. Ukizidi kuilazimisha, italainika.

"Ikilainika hivyo," alisema, "ujue meno ya tundu yamekwisha."

Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia.

Nawaambia ninyi. Baba sijamwambia, maana itamsaidia nini sasa? Krismasi iliyopita, nilipomjibu kwamba skrubu ya bawaba sijaiona, alinitazama kana kwamba sijui kutafuta. "Angalia vizuri, Chebet. Humo haikosi." Nikaendelea kupekua.

Hadi leo, nikiwa kazini, skrubu ikilainika ghafla mkononi mwangu, nasimama. Namwona Mama kando ya mashine, anacheka, na sisi sote tunapiga makofi.