Asubuhi Niliyomlindia Usingizi

Shikamooni wakubwa, wadogo nawasalimu. Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana wifi zangu nao wanausoma. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mjane, naishi Usa River. Nina binti mmoja, nitamwita Upendo. Shida yangu ni kwamba naogopa kwenda kupumzika. Najua wengine mtacheka, lakini someni kwanza.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi magari Kikatiti. Tangu biashara iachiwe huru na magari ya mitumba kutoka Japani yaanze kujaa barabara ya Moshi, gereji yake haikufungwa. Hata Jumapili akitoka kanisani alivaa ovaroli. Mimi nilikuwa nafunga maua kwenye shamba moja hapa Usa. Nikamwambia, baba Upendo, unachoka, twende mahali siku mbili tu. Akacheka. "Nilipe hela nikalale kwenye kitanda cha mtu, na changu nimekiacha nyumbani?" Nilimbembeleza muda mrefu. Siku aliyokubali alitia spana kwenye begi langu, chini ya mashati yake, eti gari lisije likatuharibikia njiani.

Tulikwenda upande wa Oldonyo Sambu, kwenye nyumba ndogo ya wageni, mahali ambapo Mlima Meru unauona kwa mgongo. Jioni alikula nyama vizuri, akakaa nje na kitenge changu begani, akaniambia, "Mama Upendo, kumbe kuna watu wanaishi hivi." Asubuhi nilipoamka alikuwa amegeukia ukutani. Nikatoka nikinyata, viatu mkononi. Dada wa usafi akaja na ufagio, nikamwambia, "Mdogo wangu, acha kwanza, mzee amelala." Mgeni mmoja akafungulia redio, nikaenda kumwomba aipunguze. Nikakaa kwenye benchi mlangoni nikifuma sweta ya mjukuu, jua likapanda, na moyoni nafurahi kwamba leo mume wangu amelala mpaka jua limemkuta kitandani. Chai ilipopoa mara ya pili ndipo nikaingia. Nikamshika bega. Wanaofanya kazi ya maua wanakijua chumba cha baridi, pale yanapopumzishwa kwenye ndoo za maji kabla ya kusafirishwa. Ilikuwa baridi ile.

Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umechoka siku nyingi, na hata angekuwa gereji ingekuwa vilevile. Lakini tulipomzika kwao Machame, wifi yangu mkubwa alisema nikisikia, "Kaka alikuwa mzima kazini. Amepelekwa kupumzishwa, amepumzishwa kweli." Neno hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Sasa ni zamu ya Upendo. Yeye ni msimamizi kwenye shamba la maua, na kabla ya sikukuu ya wapendanao watu wa maua hawalali. Mwezi uliopita alianguka katikati ya ndoo za waridi. Hospitali wakasema presha imepanda kwa uchovu, apumzike mbali na kazi, la sivyo itamfikisha pabaya. Anakaa kwangu na mtoto wake, na mimi simpi usingizi. Akijilaza tu, nakwenda kuweka mkono karibu na pua yake. Akinyamaza sana, namwita.

"Upendo."

"Nipo, mama."

"Nilidhani umeamka."

"Sasa nimeamka."

Juzi alinikalisha jikoni. "Mama, nimepewa siku tatu. Twende kulekule mlikokwenda na baba." Nikamwambia kule hapana, na kwingine pia hapana, pumzika hapahapa. Akasema, "Hapa unaniamsha. Hata waridi tukilikata tunalipumzisha kwanza, tukiliharakisha linaangusha shingo njiani. Wewe ndiye uliyenifundisha." Ni kweli, nilimfundisha. Akasema hatakwenda bila mimi, maana anajua akiniacha sitakula mpaka arudi. Lakini nikienda nimwahidi jambo moja: asubuhi nisiguse mlango wake mpaka atoke mwenyewe.

Nikikataa, atarudi kazini hivyohivyo, na daktari ameshasema. Nikikubali, nitakaa tena kwenye lile benchi, mlango umefungwa, jua linapanda. Jana nilijaribu kujizoeza. Alipolala nikatoka nje, nikachambua mchele wote uliokuwepo, kisha nikashindwa, nikaingia. "Mama," akasema bila kufumbua macho, "bado niko hai. Nenda."

Safari ni Ijumaa. Begi lake liko sebuleni. Langu bado liko juu ya kabati, na spana ya baba yake imo humo, sijawahi kuitoa. Nishaurini, hasa ninyi mliofiwa. Nimwahidi? Na nikishamwahidi, jua likifika kizingitini na ndani kuko kimya, mikono yangu niifanye nini?