Madiba Nyekundu Yenye Kiraka

Mdogo wangu wa kike alirudi kutoka sokoni bila unga na bila pesa, amekumbatia kitambaa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nilikuwa nimemtuma auze kikapu cha unga wa muhogo. Alikitandaza kile kitambaa juu ya mkeka uani, akakinyoosha kwa viganja, kisha akaniangalia akisubiri nifurahi.

"Yaya, angalia," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Inafanana na ile ya mama."

Kilikuwa madiba, kitambaa kinachofumwa kwa nyuzi za majani ya mti wa mwale. Kilikuwa chekundu kama udongo wa kichuguu, kimeshonwa nakshi nyeusi za pembepembe, na nyuzi zake zilikuwa zimekatwa fupi hata zikasimama kama manyoya ya mnyama. Karibu na ukingo mmoja kulikuwa na kiraka. Nilikiangalia kile kiraka, na unga niliokuwa nao mikononi ukaniponyoka.

Lazima nieleze "ile ya mama" ilikuwa nini.

Baba yetu alifanya kazi ya reli, mbele ya Kaniama, kwenye njia ya Kasai, katika kikundi cha wanaume waliokuwa wakitengeneza njia. Alipougua, mama alipanda gari la moshi kwenda kumuuguza, akatuacha hapa Kamina kwa shangazi yetu, dada yake baba. Baba alikufa. Hatujamaliza kumlilia, mama naye akamfuata kwa ugonjwa ule ule. Wote wawili walizikwa kule kule, karibu na kituo ambacho sisi watoto tulikijua kwa jina tu. Mimi nilikuwa kwenye shule ya masista. Niliacha msimu ule ule, kwa sababu shangazi alikuwa na watoto wake, na mtu alitakiwa kutwanga kwa ajili ya midomo yetu mitatu, mimi, ndugu yetu wa kiume na huyu mdogo. Tulipokua kidogo tukakaa nyumba yetu wenyewe.

Aliyetuletea habari alikuwa mwenzake baba kazini. Hatuna damu moja naye, lakini tangu siku ile tunamwita Baba Mudogo. Alikaa kizingitini na kofia mapajani. Nikamuuliza mama alizikwa na nini, maana kwetu mtu hapelekwi ardhini mikono mitupu, na mtoto wa kwanza ndiye anayepaswa kujua. Alisema walimfunika kwa madiba, nyekundu, nzuri sana.

Madiba ile ilitulea. Mdogo wangu alipolia akimtaka mama, nilimwambia mama hasikii baridi, amefunikwa kwa madiba nyekundu. Aliuliza, "Na iko na nini tena?" Nikamwambia ina nakshi nyeusi. Siku nyingine akauliza tena, nikamwambia ni laini, ina manyoya. Kufikia alipokuwa msichana wa kutumwa sokoni, mimi mwenyewe sikujua tena maneno yapi yalikuwa ya Baba Mudogo na yapi yalikuwa yangu. Nguo ilikuwa imekamilika. Na sasa ilikuwa mbele yangu, juu ya mkeka.

Yeye alikuwa ameleta faraja nyumbani. Hilo nililiona. Jambo lililonijia mimi hakulifikiria, mpaka alipolisema ndugu yetu wa kiume, wa katikati, aliporudi kutoka karakana ya reli na mikono yake ya mafuta.

"Na kama iko njo yenyewe, ile ya mama?" akasema.

Akachuchumaa bila kugusa, akaelekeza kidole kwenye kiraka. Alitukumbusha kitu tulichokuwa tukikijua sote: nguo ya marehemu hukatwa kisu kabla ya kufukiwa, ili mwizi wa makaburi asipate faida. Akauliza chini ya kiraka kile kuna nini. Mwizi mwenye sindano, alisema, ni mwizi mwenye faida.

Alitaka kuichoma jioni ile ile. Mdogo wetu aliikunja akaikalia.

"Kama iko ya mama, utachoma nguo ya mama?" akamwambia. "Na kama haiko ya mama, utachoma yangu sababu gani? Leta ingine kwanza."

Nilisema hakuna atakayeichoma na hakuna atakayeilalia mpaka nijue imetoka wapi. Niliiweka juu, kwenye boriti karibu na jiko. Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa kama nyumba yenye mgeni asiyesalimia. Ile madiba ilitoa harufu ya moshi wa kwingine, si wa kuni zetu. Nikitwanga uani, nilijikuta nimeupa mlango mgongo makusudi, kisha nikageuka kuangalia. Na asubuhi niliamka nimejifunua, nguo yangu ya kujifunika imekunjwa vizuri pembeni, na sikumbuki kuikunja. Ilikuwa kama kuna mtu niliyempa. Sikuwaambia wadogo zangu. Nilikuwa na swali moja tu: kama hii ni yake, yeye sasa amelala na nini?

Nilianza na aliyeiuza. Alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Luena, na alikuwa akiuza vitu ambavyo visingeingia kwenye behewa lao. Alinikaribisha katikati ya masufuria yaliyofungwa kamba. Hakuficha kitu. Aliinunua kupitia dirisha la gari la moshi, alisema, safari moja waliyokuwa wakirudi kutoka upande wa Kasai. Kwenye vituo watu huinua vitu juu, kuku, karanga, vikapu, na safari ile mkono mmoja uliinua kitambaa kile. Uso wa mwenye mkono hakuuona. Gari lilikuwa linaondoka. Nikamuuliza ni kituo gani. Akafikiri, akamuuliza mumewe aliyekuwa nje, kisha akataja kituo kile kile walipozikwa wazazi wetu.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Mwisho wa kambi ya reli aliishi bibi mmoja wa Kasai, mjane wa mtu aliyekuwa akichochea moto kwenye injini. Watoto wote wa kambi tulimwita Nkambo, yaani bibi. Yeye alikuwa ameshona madiba tangu utoto wake mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Nilimpelekea kitambaa kikiwa kimefungwa ndani ya nguo nyingine, nacho nilikishika mbali na mwili.

"Unaogopa nini?" akaniuliza. "Iko nguo, haiko mume. Weka pale pa jua."

Nilimweleza yote, hata habari ya kisu. Hakutania tena. Aliomba wembe, akakata mshono wa kiraka uzi mmoja mmoja, polepole, mimi nikiangalia miguu yangu. Kisha akanivuta kichwa nione. Kulikuwa na tundu, kubwa kama yai la kuku. Kingo zake zilikuwa zimesagika, nyuzi zimepondeka kama jani lililotafunwa.

"Kisu inakata muzuri," akasema. "Hii njo mutwangio." Mchi, si kisu.

Akanifundisha. Kwao wanaume hufuma, wanawake hushona. Madiba ikitoka kwa mfumaji ni ngumu kama ubao, hivyo huitia kwenye kinu na kuitwanga mpaka ilegee. Mara nyingine mchi hupita kiasi, na mwenye nguo huziba tundu kabla ya kuanza nakshi. Alinionyesha jinsi nakshi nyeusi ilivyopanda juu ya kiraka bila kukatika: kiraka kilikuwepo kabla ya nakshi. Kisha aliyakwangua manyoya kwa ukucha juu ya sahani nyeupe ya bati. Vumbi lilidondoka, na vipande vidogo vya nyuzi, basi; udongo haukuwamo. Manyoya ya namna ile, alisema, yakilala ardhini hata usiku mmoja hunywa udongo na hayautapiki tena. Na kwenye pembe moja nakshi ilikuwa haijamalizika. Mshonaji alikuwa ameishia katikati. Kazi ya namna hii, alisema, inatoka mbali, upande wa mto Sankuru, watu wa huko ndio wanaokata manyoya mafupi hivi. Mama yake mwenyewe alikuwa akibadilishana nao chumvi. Ilishuka na reli kama sisi sote.

Nilipumua. Nadhani nilipumua kwa sauti, kwa sababu aliniwekea mkono begani, na mkono haukuwa wa kunipongeza.

"Sasa minyi nakuuliza," akasema. "Nani alisemaka mama yako alizikwa na madiba?"

Nikamwambia. Akaanza kukirudishia kiraka mahali pake kwa kupapasa. Alisema mume wake alipita njia ile miaka mingi. Wanaume wa kutengeneza reli walikuwa na sufuria moja kwa watu wengi. Madiba ni mali. Kwao baba huiweka miaka mingi kwa ajili ya kifo chake mwenyewe. Nani angemtolea mke wa mgeni?

"Hii nguo haina kosa," akasema. "Enda ukaulize kinywa, usiulize nguo."

Nilimkuta Baba Mudogo nyuma ya nyumba yake, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amezeeka bila mimi kugundua. Nilimsalimia kama inavyotakiwa, nikakaa chini, nikamwambia nimepata madiba, si ya mama. Hakuniuliza nimepata wapi. Kisu kiliendelea kukwaruza.

"Baba Mudogo, mama alizikwa na nini?"

"Ulikuwa mutoto," akasema. "Uliniangalia na macho ile. Ningesema nini?"

"Alizikwa na nini?"

"Mukeka."

Nilimshukuru, nikaondoka.

Njiani nilijua kwamba naweza kunyamaza. Nguo ilikuwa imeondolewa shaka, mdogo wangu angeilalia kwa raha, na ile ya mama ingebaki nyekundu kule ilipo. Lakini mimi ndiye niliyewalea kwa neno lile, na walikuwa wamekua. Niliwaambia kabla hatujanawa mikono kula. Ndugu yetu aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Mdogo wetu hakulia. Alipanda juu ya kinu, akaishusha madiba kutoka kwenye boriti, akaiweka mapajani, na kwa muda mrefu alipitisha kidole kwenye ile pembe isiyomalizika.

"Mukeka ya nani?" akauliza.

Sikujua.

"Yaya, mukeka iko ya mutu. Ilikuwa ya nani?"

Alikuwa na haki. Mkeka wa kufungia samaki wakavu wanaotoka Kinkondja ni mkeka, na mkeka wa bibi harusi ni mkeka. Nilikuwa nimeshika neno moja nikakimbia nalo, kama mara ya kwanza. Asubuhi nikarudi kwa Baba Mudogo.

Alikuwa pale pale, na mpini ule ule. Safari hii alinisogezea kigoda kabla sijasalimia, kama mtu aliyejua kwamba nitakuja. Nikamuuliza mkeka ulikuwa wa nani.

"Yangu."

"Ya kulalia?"

"Ya kulalia. Sikukuwaka na ingine." Akapuliza vumbi la mti kutoka kwenye mpini. "Niliona haya kukuambia. Mama ya bantu, kumuzika na mukeka ya mwanaume mwenye kulala peke yake. Lakini niliipiga maji kwanza. Nilianika na jua."

Nilijaribu kuuona, na kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho sikukitengeneza mimi: mkeka umeegemezwa kwenye tuta la reli, unakauka, na wanaume wanasubiri.

"Na weye ulilala ku nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohitaji jibu.

"Chini," akasema.

Alitoboa mpini kidogo pale jembe linapoingia, akapima, akatoboa tena. Nilimshikia jembe mpaka likakaa.